Ufunguo Mkononi mwa Mwenye Nyumba

(Somo hili lilisomwa redioni. Limepigwa chapa hapa ili wanafunzi wa madarasa ya watu wazima walisome tena polepole, pamoja na mwalimu wao.)

Natumaini mmekwisha kukaa, taa inawaka, na madaftari yako mbele yenu. Na wewe unayeyasoma maneno haya katika karatasi, karibu. Soma bila haraka. Ukikutana na neno gumu, lipigie mstari, umwulize mwalimu.

Somo letu la leo ni la historia. Lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya kitu kidogo ambacho huenda unacho wewe mwenyewe, wala hakionekani kwa macho. Kitu hicho ni namba ya siri ya simu yako. Kwa namba hiyo unapokea fedha, unalipa ada ya mtoto, unamtumia mama aliye mbali. Ni ufunguo. Nasi twataka kujua mambo matatu. Ufunguo wa namna hii ulianza wapi? Wezi wameuiba kwa njia gani? Na historia hiyo yatufundisha nini sisi nyumbani?

Kabla ya kuanza, fikiri juu ya mlango wa nyumba yako. Mgeni akija hasukumi mlango na kuingia. Husimama nje akasema, "Hodi!" Nawe uliye ndani huuliza, "Nani?" Ukiitambua sauti, ndipo unaposema, "Karibu." Hata watoto wetu tunawafundisha hivyo: usifungue usiku kabla hujajua ni nani. Desturi hii tuliikuta kwa wazee wetu. Ikumbuke vizuri, kwa maana tutairudia mpaka mwisho wa somo.

NYUMBA MOJA, WAPANGAJI WENGI

Safari yetu yaanzia Marekani, katika chuo kikuu kiitwacho MIT, mjini Cambridge. Mwaka ni 1961. Siku zile kompyuta moja ilijaza chumba kizima, nayo ilikuwa ghali mno. Mtu mmoja alipoitumia, wengine walingoja zamu yao, kama watu wanavyongoja kisimani.

Bwana mmoja, Fernando Corbató, pamoja na wenzake, walibuni utaratibu wa kuiwezesha kompyuta moja kuwatumikia watu wengi kwa wakati mmoja. Utaratibu huo uliitwa CTSS. Waliuonyesha kwa mara ya kwanza mwezi wa Novemba, 1961.

Sasa, ndugu zangu, nanyi mwajua maisha ya nyumba ya kupanga. Wapangaji wakiwa wengi, kila mmoja hutaka kufunga chumba chake. Ndivyo ilivyokuwa katika kompyuta ile. Kila mtu alikuwa na kazi yake ndani, wala hakutaka jirani aichungulie. Basi kila mmoja akapewa neno lake la siri. Asiyelijua neno hakuingia. Hii ni miongoni mwa mara za kwanza kabisa watu kutumia maneno ya siri katika kompyuta.

Je, siri ile ilidumu siku ngapi? Haikudumu sana. Mwaka uliofuata, 1962, mwanafunzi mmoja jina lake Allan Scherr alikuwa na kazi kubwa ya kuimaliza, lakini saa alizopewa kwa juma hazikumtosha. Alijua kwamba maneno ya siri ya watu wote yamewekwa katika orodha moja ndani ya kompyuta. Ijumaa moja usiku akatoa ombi kwamba orodha ile ipigwe chapa. Jumamosi asubuhi akaenda akakuta karatasi zimewekwa tayari, akazichukua. Tangu hapo alipata saa za kutosha, kwa kuingia kwa majina ya wenziwe. Habari hii aliisimulia yeye mwenyewe, miaka mingi baadaye.

Tazama jambo hilo vizuri. Scherr hakuvunja kitu. Aliomba, akapewa. Tutaliona jambo hili tena na tena.

Mwaka 1966 palitokea kioja kingine katika utaratibu ule ule wa CTSS. Mtu mmoja alikuwa akirekebisha orodha ya maneno ya siri. Wakati huo huo mwingine alikuwa akirekebisha tangazo la siku, yaani salamu ambayo kila mtu huiona anapoingia. Kompyuta ikachanganya karatasi hizo mbili. Basi kila aliyeingia alisomewa maneno ya siri ya watu wote, badala ya tangazo! Hapakuwa na mwizi siku ile. Lakini siri iliyowekwa mahali pamoja na mambo mengine ilijitangaza yenyewe.

Nawe je? Namba yako ya siri umeiandika wapi? Wako watu waliokwisha kuiandika nyuma ya kadi ya benki, au katika kikaratasi ndani ya kifuniko cha simu. Simu ikiibiwa, mwizi anapata mlango na ufunguo pamoja.

TARAKIMU NNE ZA JIKONI

Tuvuke bahari twende Uingereza. Tarehe 27 Juni, 1967, benki ya Barclays ilifungua mashini ya kutoa fedha huko Enfield, kaskazini mwa London. Mbuni wa mashini ile alikuwa John Shepherd-Barron. Mbuni mwingine, James Goodfellow wa Scotland, naye alikuwa amekwisha kuomba hati ya ubunifu, mwaka 1966, kwa utaratibu wake wa kadi na namba ya siri.

Shepherd-Barron alisimulia habari moja ya kupendeza. Kwanza alitaka namba ya siri iwe ya tarakimu sita. Akaketi na mkewe, Caroline, kwenye meza ya jikoni, akamwuliza kama ataweza kuikumbuka. Mkewe akasema yeye aweza kukumbuka tarakimu nne tu. Basi mumewe akakubali nne. Na mpaka leo watu wengi duniani wanatumia tarakimu nne. Kumbe hata mambo makubwa ya benki huweza kuamuliwa jikoni!

Tufanye hesabu kidogo. Tarakimu moja ina njia 10, tangu 0 mpaka 9. Tarakimu mbili zina njia 10 mara 10, yaani 100. Tarakimu tatu zina njia 1,000. Tarakimu nne zina njia 10,000, tangu 0000 mpaka 9999. Ni nyingi. Mtu akitaka kuzijaribu zote itamchukua muda mrefu, na simu humfungia nje akikosea mara chache.

Lakini mwizi hana haja ya kuanza na 0000. Mwizi huanza na namba watu wanazozipenda. Mwaka 2012 mtaalamu mmoja alichunguza namba za tarakimu nne zipatazo 3,400,000 zilizokuwa zimevuja na kutawanyika hadharani. Aliona nini? Namba 1234 peke yake ilichaguliwa na watu karibu 11 katika kila 100. Na namba 20 zilizopendwa zaidi zilitosha kufungua zaidi ya robo ya milango yote. Miaka ya kuzaliwa, kama 1975 au 1982, nayo ilikuwa mingi sana.

Basi ikiwa hesabu hiyo ni sawa na ya kijijini kwenu, penye simu 100 wako watu 11 wenye ufunguo wa namna moja. Kama wewe ni mmoja wao, badilisha leo. Usitumie mwaka wako wa kuzaliwa, wala wa mtoto wako. Jirani anaujua, alikuja kula pilau ya arobaini.

BABA ALIONYA, MWANA AKAPITA

Mwaka 1979, mabwana wawili wa maabara ya Bell huko Marekani, Robert Morris na Ken Thompson, waliandika habari za maneno ya siri. Walikuwa wamekusanya maneno 3,289 yaliyotumiwa na watu, wakayapima. Mengine yalikuwa ya herufi moja tu! Mengine yalikuwa ya herufi mbili au tatu, au majina, au maneno yanayopatikana katika kamusi. Kwa jumla, maneno 86 katika kila 100 yaliweza kukisiwa kwa urahisi. Wakawaonya watu.

Ikapita miaka tisa. Tarehe 2 Novemba, 1988, mwanafunzi mmoja wa chuo cha Cornell aliachilia programu katika mtandao wa kompyuta. Programu ile ilijinakili yenyewe ikatambaa toka kompyuta hadi kompyuta, ndiyo maana watu waliiita mnyoo. Ilipita katika matundu mbalimbali. Njia yake moja ilikuwa kukisia maneno ya siri: ilijaribu jina la mtu, ikajaribu jina hilo kinyumenyume, kisha ikajaribu maneno ya kawaida katika orodha yake. Siku zile mtandao wote ulikuwa na kompyuta kama 60,000 tu, na ilikadiriwa kwamba kompyuta kama 6,000 zilishikwa. Zilielemewa na kazi mpaka zikawa hazifai kitu.

Na mwanafunzi huyo alikuwa nani? Jina lake ni Robert Tappan Morris. Alikuwa mtoto wa yule Robert Morris aliyeandika onyo la mwaka 1979. Baba aliwaambia watu kwamba mlango hauna komeo. Watu hawakulitia komeo. Mwanawe mwenyewe akapita hapo hapo. Mwaka 1990 mahakama ilimpa adhabu: faini ya dola 10,050, saa 400 za kazi ya bure kwa jamii, na miaka mitatu ya kuangaliwa.

Je, neno jema la siri ni lipi? Zamani wataalamu walisema uchanganye herufi, tarakimu na alama za kila namna, tena ubadilishe kila baada ya miezi michache. Watu wakachoka, wakayasahau, wakayaandika ukutani. Mwaka 2017 taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia vipimo, NIST, ilitoa shauri jingine. Ilisema urefu ndio wenye nguvu, na kwamba hakuna haja ya kubadilisha kila mara ikiwa siri haijavuja.

Basi penye kutakiwa neno, chagua maneno manne yasiyohusiana, uyaunganishe. Mfano: jembe, mwezi, chapati, ngalawa. Mtu mzima ayakumbuka kwa urahisi, lakini mwizi atakisia mpaka achoke. Ila usitumie mfano huu wangu, kwa sababu umekwisha kupigwa chapa! Tunga wa kwako. Wala usitumie neno moja kwa milango yote. Nyumba, ghala na sanduku kila kimoja kina ufunguo wake.

BARUA YA MAPENZI

Tarehe 4 Mei, 2000, watu katika nchi nyingi walifungua kompyuta zao wakakuta barua. Juu ya barua iliandikwa kwa Kiingereza ILOVEYOU, yaani nakupenda. Ndani iliambatishwa karatasi ya kufunguliwa. Tena barua haikutoka kwa mgeni. Ilikuwa na jina la mtu anayefahamika: rafiki, mkuu wa kazi, au ndugu.

Ni nani asiyependa kupendwa? Watu wakafungua. Kumbe ile karatasi ilikuwa programu. Mara iliharibu picha zilizohifadhiwa, ikachukua orodha ya anwani za mwenye kompyuta, ikajituma kwa watu wote waliomo kwa jina lake. Ndiyo sababu kila mtu aliipata kutoka kwa mtu anayemjua. Kwa muda mfupi mamilioni ya kompyuta yalishikwa. Hata Bunge la Uingereza lilifunga barua zake za kompyuta kwa muda.

Wachunguzi walifuata nyayo mpaka Manila, nchini Ufilipino, kwa kijana aliyekuwa mwanafunzi. Miaka mingi baadaye alikiri kwamba alitaka kuiba maneno ya siri ya watu ili apate intaneti bila kulipa. Hakufungwa, kwa kuwa wakati ule nchi yake haikuwa na sheria ya kosa kama hilo. Sheria ilitungwa mwezi uliofuata, yaani Juni, 2000.

Tazama tena. Mlango haukuvunjwa. Mwizi alipiga hodi kwa sauti ya rafiki, na mwenye nyumba akasema "Karibu" kabla ya kuuliza "Nani?"

UFA NA UKUTA

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwezi wa Machi, 2017, kampuni ya Microsoft ilitoa marekebisho ya kuziba ufa mmoja uliokuwa katika programu zake. Waliokubali marekebisho walikuwa salama. Wengi walisema, "Nitafanya kesho."

Kesho yao ilifika tarehe 12 Mei, 2017. Siku hiyo ilitokea programu mbaya iitwayo WannaCry. Ilipita katika ufa ule ule, ikafunga kazi zote za mtu ndani ya kompyuta yake, kisha ikadai malipo ya dola 300 ili imfungulie. Ilifika katika nchi zipatazo 150. Huko Uingereza iliingia katika hospitali, na maelfu ya wagonjwa waliopangiwa siku ya kutibiwa wakaahirishwa. Mgonjwa ambaye hajapata kugusa kompyuta maisha yake yote alipata hasara kwa sababu ya ufa usiozibwa.

Simu yako nayo, ikiwa ni ya kisasa, mara kwa mara hukuambia kwamba marekebisho mapya yako tayari. Usiyapuuze. Wala usiyachukue kwa mtu aliyekutumia ujumbe. Yachukue ndani ya simu yenyewe. Tena picha za harusi na za marehemu wazee zinakili uziweke mahali pengine pia. Akiba haiozi.

HODI YAFIKA KWETU

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2007, mwezi wa Machi, kampuni ya Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya. Mwaka uliofuata, 2008, Vodacom ikaileta Tanzania. Kampuni nyingine zikafuata na huduma zao. Kabla ya hapo, mtu wa mjini aliyetaka kumtumia mama yake fedha alimpa utingo wa basi, au alizitia katika bahasha akaomba Mungu. Sasa fedha zafika kabla hujamaliza kusema habari za nyumbani. Ni baraka kubwa.

Lakini asali ikimwagika nzi huja. Matapeli nao walikuja. Wengi wenu mmekwisha kupata ujumbe usemao, "Ile hela itume kwenye namba hii." Hakuna jina wala salamu. Je, unajua ujumbe huu hufanyaje kazi? Tapeli hakujui kabisa. Hutuma kwa watu wengi mno bila kuchagua, kama avuaye kwa wavu. Katika wengi hao hatakosa mmoja ambaye kweli asubuhi ile alikuwa ameahidi kumtumia mtu fedha. Huyo husema, "Kumbe amebadili namba," akatuma.

Mwingine hukuletea ujumbe uliofanana na wa kampuni, kwamba umepokea fedha, kisha hupiga simu akilia, "Nimekosea, nirudishie." Usiusadiki ujumbe. Tazama salio lako kwanza. Na ikiwa kweli zimeingia, piga simu kwa kampuni yenyewe ishughulikie. Usirudishe kwa mkono wako.

Mwingine hujifanya mtu wa kampuni ya simu, akaomba umtajie tarakimu zilizoingia sasa hivi katika simu yako. Mara nyingi hizo ni tarakimu sita za kufungulia WhatsApp yako. Ukimtajia, anaingia yeye, wewe unabaki nje, naye anaanza kuwaomba fedha ndugu zako kwa jina lako. Ni ile ile barua ya mwaka 2000, imebadili nguo tu.

Serikali haikukaa kimya. Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015. Tarehe 1 Mei, 2019, ulianza usajili wa laini za simu kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa Januari, 2020. Ukiwa Tanzania waweza kubonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Na namba ya tapeli waweza kuitoa taarifa kwa kutuma neno UTAPELI kwenda 15040.

Yote hayo ni mema. Lakini sheria haiwezi kukaa mlangoni kwako usiku na mchana. Anayekaa pale ni wewe.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Tuchukue mfano. Si nyumba ya mtu fulani. Yaweza kuwa yako au yangu. Baba na mama wana kijana katika shule ya bweni. Wameuza mahindi, na fedha za ada ziko katika simu ya mama. Saa tatu asubuhi simu inalia. "Mimi ni mwalimu wa zamu. Mwanao ameanguka, yuko hospitali, damu inahitajika. Tuma laki mbili sasa hivi kwa namba hii. Usikate simu!"

Moyo wa mzazi uwaje? Miguu hulegea, mikono hutetemeka. Mama huyu anatuma. Jioni kijana anapiga simu mwenyewe, mzima kabisa, akiuliza kama ada imelipwa.

Mama yule si mjinga, ndugu zangu. Alidanganywa kwa kitu kilicho bora kuliko vyote alivyo navyo, yaani mapenzi yake kwa mtoto. Tapeli alitumia vitu viwili: hofu na haraka. Mtu akikuambia "usikate simu", hilo peke yake ni alama ya kutosha. Kata. Kisha piga kwa namba ya shule uliyo nayo tangu zamani, si ile aliyokupa yeye. Ukipoteza dakika tano kwa kuuliza, hujapoteza kitu. Haraka haraka haina baraka.

Tena watu wa nyumba moja wakubaliane neno la nyumbani. Liwe neno moja wanalolijua wao tu, lisiloandikwa popote. Anayeomba fedha kwa simu ngeni, hata akiwa na sauti ya mtoto wako, aulizwe neno. Siku hizi mashini zaweza kuiga hata sauti ya mtu. Lakini neno mlilokubaliana jikoni, mashini haikuwapo kulisikia.

Na jambo moja zaidi. Aliyetapeliwa usimcheke. Mzee akichekwa mara moja, mara ya pili ataficha, na tapeli atamrudia. Nyumba isemayo wazi ndiyo nyumba yenye komeo.

KWA NINI MNASOMA

Nimalize kwa neno la kwenu ninyi, wanafunzi wa madarasa ya watu wazima. Asiyejua kusoma, akifika kwa wakala, humpa simu yake na kumtajia namba ya siri kwa sauti, mbele ya watu waliosimama. Akipata ujumbe, humpa jirani amsomee. Wakala wengi ni waaminifu, na majirani pia. Lakini mtu huyo ana nyumba ambayo ufunguo wake uko kwa wengine.

Siku utakaposoma ujumbe wako mwenyewe, ukaliona jina la aliyetuma, ukazihesabu sifuri katika kiasi cha fedha, ukabonyeza tarakimu zako nne huku mkono wa pili umezifunika, siku hiyo umeutwaa ufunguo wako. Kwa kazi hiyo peke yake, jioni unazokaa darasani si za bure.

DESTURI ZA KUSHIKA NYUMBANI

1. Namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote, hata akisema ametoka kampuni ya simu au benki. Mtu wa haki hana haja ya kuijua.

2. Usitumie 1234 wala mwaka wa kuzaliwa.

3. Kila mlango na ufunguo wake. Neno moja lisitumike kila mahali.

4. Tarakimu zilizoingia katika simu yako ni zako. Usimtajie aliyepiga.

5. Akikuharakisha, kata simu. Piga mwenyewe kwa namba unayoijua.

6. Kubali marekebisho ya simu, na nakili picha na karatasi zako mahali pengine.

7. Wekeni neno la nyumbani, na msimcheke aliyedanganywa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Allan Scherr alipataje maneno ya siri mwaka 1962? Je, alivunja kitu?

2. Tarakimu nne zina njia ngapi? Onyesha hesabu ubaoni.

3. Kwa nini watu waliifungua barua ya tarehe 4 Mei, 2000?

4. Nani darasani amepata kupokea ujumbe wa tapeli? Asimulie ulisema nini, na yeye alifanya nini.

5. Ukirudi nyumbani leo, utamfundisha nani kwanza?

Ndugu wasikilizaji, hapa ndipo tunapokomea leo. Usiku huu hodi itapigwa mahali fulani, mlangoni au katika simu. Jibu kama walivyojibu wazee wetu. Uliza kwanza, "Nani?" Kwaherini.